ADABU YA BARUA PEPE: KIINGEREZA CHA MWANAFUNZI WA CHUO KIKUU



 

Wanafunzi wapenzi, na nyinyi wazazi ambao najua jarida hili husomewa sebuleni na watoto wenu, mwaka huu nimeona niandike juu ya jambo ambalo halimo katika ratiba ya madrasa yetu. Vijana waliopita katika mikeka hii sasa wanaingia vyuo vikuu, wanaume kwa wanawake, na hilo ni la kumshukuru Allah. Lakini wanaporudi likizo hawaji tena kuniuliza hukumu ya idghamu na ikhfaa. Wanakuja na simu mkononi: "Ustadh, hebu nisomee hii. Nimekosea wapi?"

Miezi michache iliyopita alikuja mmoja wao, binti aliyehifadhi hapa juzuu kumi, ambaye sasa yuko mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha bara. Amenipa ruhusa nieleze kisa chake bila ya kumtaja jina wala chuo. Alama zake za kazi ya pili ya muhula hazikuonekana katika orodha iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kwa wasiojua, katika vyuo vyetu vingi alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula, na 60 zilizobaki ndizo za mtihani wa mwisho. Asiyefikisha kiwango katika zile 40 anaweza kuzuiwa hata kuingia chumba cha mtihani. Mama yake binti huyu anauza vitumbua. Hakuna mtu nyumbani kwao anayeweza kulipia mwaka wa kurudia.

Basi akamwandikia mhadhiri wake barua pepe, nami naiweka hapa kama ilivyokuwa: "Hi, I want my marks. Why you didn't put my marks? Reply me urgent plz."

Akangoja siku tatu. Jibu lilipokuja lilikuwa na maneno matatu tu: "Who is this?" Yaani, huyu ni nani?

Binti alilia. Aliniambia, "Ustadh, wallahi mimi sikumtukana." Na mimi ni shahidi kwamba hakukusudia kutukana. Mtoto huyu hapiti mbele ya mtu mzima bila ya shikamoo, na ukimpa kitu hukipokea kwa mikono miwili. Adabu anayo. Ila adabu yake ilibaki katika Kiswahili, haikuvuka pamoja naye kwenda katika Kiingereza. Kwa nini haikuvuka? Hilo ndilo nataka tulitazame kwa utulivu, kwa sababu wengi wetu tunadhani Kiingereza ni lugha isiyo na heshima, kwa hiyo ukiizungumza huna haja ya kuwa na heshima.

ADABU YETU INAKAA WAPI?

Chukua sentensi yetu ya kila siku: "Naomba unisaidie." Unaweza hata kufupisha ukasema "Nisaidie, mwalimu," na hakuna atakayekasirika. Kwa nini? Kwa sababu ile "-e" ya mwisho imeshabeba ombi. Kitenzi chetu kina adabu ndani yake. Tena kabla ya kufika hapo umeshasalimia, umeshauliza habari za nyumbani, umeshasema pole na kazi. Ombi linakuja limevalishwa.

Sasa ibebe "Nisaidie" neno kwa neno uipeleke katika Kiingereza. Inakuwa "Help me." Ile "-e" imeanguka njiani. Kilichobaki ni amri, kama ya mtu anayezama baharini. Na "nataka" yetu ikiwa "I want," basi mhadhiri anasoma sauti ya mtoto anayelilia pipi dukani. Wengi hudhani dawa yake ni kubandika neno "please" na mambo yamekwisha. "Please send my marks today" bado ni amri, ila ni amri iliyopigwa pasi.

Waingereza wameiweka adabu ya ombi katika vitenzi vidogo vinavyotangulia: "could," "would," "may." Badala ya kusema fanya, wanauliza kama ungeweza kufanya. "Could you please check my mark?" Na hapa ndipo ninapowaambia wanafunzi wangu wasiogope, kwa sababu jambo hili tunalo. Sisi tuna "-nge-". Tunasema, "Ningefurahi kama ungeniangalizia." Hiyo hiyo ndiyo "I would be grateful if you could check." Ni "-nge-" mbili kwa Kiswahili, "would" na "could" kwa Kiingereza.

Kuna jingine zuri zaidi. Mtu akija nyumbani kwako kukopa ndoo, hasemi "nakopa ndoo." Husema, "Nilikuwa nauliza, kama ndoo ipo..." Kwa nini alikuwa anauliza, na hali ndiyo kwanza anauliza sasa hivi? Kwa sababu wakati uliopita unalainisha maneno. Unampa mwenye ndoo nafasi ya kukataa bila ya aibu. Waingereza nao hufanya vivyo hivyo: "I was wondering if I could borrow..." Nilipoligundua hili nilicheka peke yangu. Miaka mingi niliambiwa Kiingereza ni kigumu, kumbe jirani yangu anayekopa ndoo ameshanifundisha nusu yake.

KOSA LANGU MIMI

Nisije nikaonekana nacheka watoto wa watu. Nilipokuwa nasomea diploma, tulikuwa na somo la lazima la Kiingereza, na mhadhiri wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole lakini makini. Baba yangu aliugua, nikahitaji siku nne za nyongeza kumaliza kazi yangu. Nikamwandikia. Nikaanza na salamu, nikauliza hali yake, ya mumewe, ya watoto wake na ya majirani, nikamwombea dua, nikasifu elimu yake, kisha nikaandika "Sorry for your work," nikikusudia pole na kazi. Barua ilijaa ukurasa na zaidi.

Baada ya siku mbili aliniita. Alikuwa ameichapa ile barua kwenye karatasi na kupiga mstari mwekundu chini ya sentensi moja tu, ya mwisho kabisa. Akaniambia kwa Kiswahili, "Ustadh, umenisalimia vizuri sana. Lakini nilisoma mpaka nusu, nikadhani unaniaga." Kisha akaniuliza ni kosa gani la kazi yake nililokuwa nikilisikitikia.

Basi kuna makosa ya namna mbili. Lipo la yule binti, kuandika barua pepe kama ujumbe wa simu kwa rafiki. Na lipo langu, kuandika barua pepe kama mtu aliyefika barazani na kukaribishwa kahawa. Barazani salamu ndefu ni heshima, kwa sababu mwenyeji yupo, anakujibu, na muda ni wenu wote wawili. Katika barua pepe msomaji yuko peke yake, na huenda ana nyingine hamsini za kusoma kabla ya kuingia darasani. Kwake yeye heshima ni kumrahisishia kazi: ajue haraka wewe ni nani, umepatwa na nini, na unamwomba afanye nini.

JE, HUKU SI KUWAIGA WAZUNGU?

Mzee mmoja aliniuliza hivyo baada ya sala ya Ijumaa, na swali lake lina haki ya kujibiwa. Nilimkumbusha pete ya Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba alipotaka kuwaandikia wafalme wa mataifa mengine aliambiwa kuwa watu hao hawaisomi barua isiyokuwa na muhuri. Hakusema desturi yao hainihusu. Alitengenezewa pete ya fedha yenye maandishi, ikawa ndiyo muhuri wake. Na katika barua aliyomwandikia Heraclius, mtawala wa Roma, alijitambulisha kwanza yeye ni nani, kisha akamtaja mtawala yule kwa cheo chake cha ukubwa mbele ya watu wake. Ujumbe wa dini haukupungua hata herufi. Kilichofuata desturi ya msomaji ni namna ya kuufikisha.

Mfano wa zamani zaidi uko katika Suratun-Naml, aya ya 28 mpaka ya 31, barua ya Nabii Sulayman (A.S.) iliyobebwa na hudihudi. Malkia wa Sabaa alipoipokea aliisifu kuwa ni barua tukufu, na alipowasomea wakuu wake tunaona imetoka kwa nani, imefunguliwa kwa jina la Allah, na haja yake imesemwa kwa maneno machache sana. Naye Zayd bin Thabit (R.A.) aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili awe anamwandikia barua za kwao na kumsomea zao. Katika mapokezi ya Tirmidhi inasemwa alijifunza kwa muda wa nusu mwezi. Sisi wengine tutahitaji zaidi ya nusu mwezi, lakini sababu ya kujifunza ni ile ile.

Wapo pia wanaouliza, ikiwa mhadhiri ni Mtanzania mwenzetu, kwa nini asiandikiwe Kiswahili? Ukikutana naye kwenye ngazi, msalimie kwa Kiswahili na atafurahi. Lakini lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vyetu vingi ni Kiingereza, na barua ya alama mara nyingi haiishii kwake. Huipeleka ofisi ya mitihani, huenda ikafika kwa mkuu wa idara, na hukaa katika kumbukumbu. Neno la mdomoni hupita na upepo, barua pepe hukaa miaka.

TUIANDIKE UPYA

Siku ile nilikaa na binti pale barazani tukaiandika upya. Nitapita mstari kwa mstari, maana hapa ndipo penye faida.

Tulianza na anwani. Yake ilikuwa ya tangu kidato cha pili, yenye maneno ya mapenzi na mwaka wake wa kuzaliwa. Alama ile ya @ iliwekwa na mhandisi wa Kimarekani, Ray Tomlinson, mwaka 1971, kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta aliyoko. Kwa hiyo anwani yenyewe inajibu swali la nani na yuko wapi. Ukijiita "asali wa moyo," usishangae ukiulizwa wewe ni nani. Chuo chake kilikuwa kimempa anwani yenye jina lake kamili, hajawahi kuifungua. Tukaifungua.

Kisha mada, ule mstari mdogo wa juu ambao wengi huuacha mtupu au huandika "Urgent." Haraka ni yako, si ya msomaji. Tuliandika: "Missing mark, second assignment, Development Studies," na mbele yake namba yake ya usajili. Mhadhiri mwenye darasa la mamia ya wanafunzi hawezi kukumbuka sura, lakini namba ya usajili anaipata katika orodha mara moja.

Salamu ikamshughulisha. "Ustadh, 'Dear' si mpenzi? Nitamwandikiaje mwanamume 'Dear'?" Swali hili nimeshaulizwa na wengi, wavulana kwa wasichana, na napenda haya yao. "Dear" ya mwanzo wa barua imeshakauka utamu. Ni desturi tu, kama sisi tunavyoandika "Ndugu" kwa mtu ambaye hatukuzaliwa naye. Andika "Dear Dr." ukifuatisha jina, uwe na amani. Kwa Mwislamu unayemjua, salamu yetu ya Kiislamu ni bora na inatosha. Kwa usiyemjua, "Dear" haimkwazi mtu.

Na jina lipi? Kwetu humwita mtu kwa jina lake la kwanza: Mwalimu Juma, Dr. Asha. Waingereza na Wamarekani huweka cheo pamoja na jina la ukoo, kwa hiyo husema Dr. Smith, si Dr. John. Tazama jinsi mwenyewe anavyotia jina lake chini ya barua zake, umfuate. Cheo nacho usikishushe. Aliyesoma mpaka udaktari wa falsafa kumwandikia "Mr." ni kama kumwita sheikh wako "we kijana." Tena "Dr." na "Professor" vina faida nyingine kwetu: havina mwanamume wala mwanamke. Kiswahili chetu kinasema "amekuja" kwa wote, ndiyo maana tunachanganya "he" na "she" na kuwaandikia akina mama "Dear Sir." Cheo kinakuokoa.

Mwili wa barua ukawa hivi: "My name is," na jina lake, "a first-year student in your Monday class. My mark for the second assignment does not appear on the list on the notice board. I handed in my work to the class representative and signed for it. I have attached a photo of the signed page. Could you please check when you have time, and let me know if I need to do anything? Thank you for your help."

Tazama kilichoondoka. "Why you didn't put my marks?" imeondoka, kwa sababu ni kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Badala yake tumesema alama haionekani. Haionekani, basi. Hatujasema nani kaipoteza, na huenda si yeye. Tumemwonyesha ushahidi wa saini bila ya kupiga kelele. Na tumeuliza kama kuna la kufanya upande wetu, jambo ambalo humlainisha hata aliyeamka na hasira.

Binti alitaka ampelekee nakala mkuu wa kitivo "ili aogope." Nikamkataza. Zile herufi mbili za "Cc" zinatokana na karatasi ya kaboni, ile ambayo wazazi wetu waliiweka katikati ya karatasi mbili kwenye taipureta. Kumpa mkubwa nakala ya barua ya kwanza ni kwenda kushitaki kabla ya kuuliza. Nafasi ya hilo ipo, baada ya barua mbili zisizojibiwa, zenye wiki kati yake, na hata hapo kwa maneno ya upole.

Mwisho, "Yours sincerely," na jina kamili. Hiyo ndiyo desturi ya Waingereza ukimtaja mtu kwa jina mwanzoni. Ukianza na "Dear Sir or Madam" kwa usiyemjua, unamalizia na "Yours faithfully." Siku hizi wengi hutosheka na "Kind regards" kwa yote mawili.

MITEGO MICHACHE

"Reply me" ya binti yetu ina sababu yake. Sisi tunasema "nijibu," "nieleze," "niandikie," na yule anayejibiwa yumo ndani ya kitenzi. Kiingereza kinamtoa nje na kumtafutia mlango: "reply to me," "explain to me." Ukiona unataka kuandika "explain me," jua Kiswahili ndicho kinachoandika.

"Pole" haina mwenzake katika Kiingereza. "Sorry" mara nyingi ni kukiri kosa, ndiyo maana mhadhiri wangu aliuliza kazi yake ina kosa gani. Mtu akifiwa au akiugua, andika "I am sorry to hear that," kisha utaje msiba. Pole na kazi, pole na safari, pole na jua, hizi ziache Kiswahili, zina nyumba yao.

Usiandike barua yote kwa herufi kubwa, inasomeka kama mtu anayefoka. Na "plz," "u," "coz" zibaki kwa wenzako.

KUJIFUNZA KWENYEWE

Wazazi huniuliza, huyu mtoto atakijua lini Kiingereza? Katika shule za msingi za serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza anakuta hesabu, jiografia na baiolojia vimegeuka Kiingereza. Wengi huanza kukariri bila ya kuelewa, na tabia hiyo huingia nayo chuoni. Sina dawa ya siku moja. Lakini mtoto wa madrasa ana mtaji ambao haujui. Ameshajifunza kusoma maandishi ya lugha isiyo ya mama yake, kwa sauti, mbele ya mwalimu anayemsahihisha kila makhraj. Ameshazoea kurudia ukurasa mmoja mara arobaini. Afanye hivyo hivyo: achukue barua moja nzuri ya Kiingereza, aisome kwa sauti, ainakili kwa mkono kama anavyonakili khati, kisha aifunike na aiandike kwa maneno yake. Moja kwa wiki si nyingi. Awe na kamusi karibu. Ile ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996 bado inafaa sana, na ninayo moja hapa madrasa, imechakaa lakini kurasa zimetimia.

Vijana hunijibu kwamba siku hizi zipo programu. Ni kweli. Google imekuwa ikitafsiri Kiswahili tangu mwaka 2009, na tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za akili mnemba zinazoandika barua nzima kwa dakika moja. Sikatazi. Lakini nimeona mwanafunzi akituma barua iliyoandikwa hivyo, ikiahidi kuwa angewasilisha kazi Ijumaa, na yeye mwenyewe hakujua kuwa ameahidi. Usiweke saini chini ya maneno usiyoweza kuyasoma. Na mhadhiri akikuita ofisini, programu haitaingia kukusemea.

Sasa nirudi kwa binti. Ile barua tuliituma Jumapili jioni. Jumatatu mchana jibu likaja: "Thank you. Please come to my office on Wednesday at 2. Bring the signed page." Akafurahi, akapanda basi usiku huo huo kurudi chuoni.

Jumatano aliswali alfajiri, akawahi daladala, na ilipofika saa mbili kasorobo asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi na karatasi yake mkononi. Mlango umefungwa. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Akaogopa kuondoka asije akaonekana hakuja. Adhuhuri alikwenda kuswali mbio mbio akarudi kwenye benchi lile lile. Mhadhiri alitokea saa nane kamili, ametulia, ana funguo mkononi. Akamuuliza kwa Kiingereza amefika tangu saa ngapi. Akajibu kwa adabu zote, "Since two o'clock, sir." Mhadhiri akatazama saa yake. Ilikuwa ndiyo kwanza "two o'clock."

Akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta. Naye amelelewa kwa saa zetu hizi hizi zinazohesabiwa tangu macheo, na akakiri kwamba hata yeye hakuandika kama ni asubuhi au mchana. Karatasi ya binti ilikutwa imenasa nyuma ya ya mwenzake, pini imezishika zote mbili. Alikuwa amepata 14 kati ya 20. Mtihani aliufanya pamoja na wenzake, na siku hizi akiniletea barua niikague kabla ya kuituma, huwa ameandika "2:00 p.m.," na katika daftari lake pembeni, kwa Kiswahili, saa nane mchana.